Kubadilisha hewa bila kupoteza joto: mtambo wa nyumba nzima au vifaa vya ukutani?

Mjenzi_Mpya: Wakuu, nyumba imezibwa vizuri, lakini asubuhi vioo vya chumbani vinatiririka maji na nyuma ya kabati ukungu umeanza kuota. Kufungua madirisha kwenye baridi ni kutupa joto. Nichukue mtambo mmoja wenye mabomba, au vifaa vidogo vya kutoboa ukuta?

Fundi_Hewa: Mkuu, kama dari bado iko wazi, weka wa nyumba nzima. Unavuta hewa chafu bafuni na jikoni, unapeleka safi vyumbani. Mikondo miwili inapishana ndani ya kiini, yaani sehemu ya mtambo inayopokezana joto, bila kuchanganyika, joto linahamia kwa ile inayoingia. Mitambo mizuri hurudisha asilimia 75 hadi 90. Ila usinunue kwa kutazama asilimia tu! Nimekuta mtambo wa maana umeharibiwa na mabomba laini yaliyokunjwakunjwa darini: feni inavuma usiku, mwenye nyumba anaizima, ukungu unarudi. Dai mabomba magumu, kona chache, na kizuia sauti kabla ya vyumba vya kulala.

Mama_Pacha: Sisi nyumba ilishakamilika, tukaweka vya ukutani. Ndani mna kipande cha kauri chenye vitundu vingi. Feni inatoa hewa kama dakika moja, kauri inapata moto, kisha feni inageuka na hewa ya nje inaingia ikipita hapohapo. Viwe jozi: kimoja kikitoa, kingine kinaingiza. Nikilala nasikia feni ikigeuka, na kelele za barabarani hupenya kidogo. Ukungu lakini umekwisha.

Kaka_Rafu: Feni ya bafuni peke yake haitoshi?

Fundi_Hewa: Unyevu itautoa, ndugu, lakini na joto linakwenda nalo.

Bi_Mkaguzi: Kuna pia viini vinavyorudisha unyevu pamoja na joto. Vinafaa nyumba ambayo hewa yake hukauka mno wakati wa baridi. Wewe vioo vinalia maji, anza na kiini cha kawaida. Kofia ya jiko, ile ya kuvuta moshi juu ya jiko, usiiunganishe kwenye mtambo, mafuta yataganda mabombani. Chini ya kila mlango acha upenyo wa sentimita 1, la sivyo hewa haizunguki. Na vichujio uvifikie bila ngazi, maana vikiwa mbali havibadilishwi.

Mjenzi_Mpya: Dari bado iko wazi, basi ni wa mabomba. Kabla ya kulipa nitamdai fundi mchoro wa mabomba, na akimaliza apime hewa kwenye kila tundu nikiwepo.