Juu kashona mwenyewe, fundi kamalizia na cherehani. Hilo blanketi ni la nani?

DadaTabata

Wakuu habari za jumapili. Kuna jambo limetugawa kwenye kikundi chetu huku Tabata nataka nisikie na walio nje wanasemaje maana sisi wenyewe tumeshindwana. Tuko wanawake kadhaa na kaka mmoja, jumamosi jioni tunakutana kushona kwilti, yaani mablanketi ya viraka, kila mtu na lake, sio biashara, ni kutuliza kichwa tu na umbea kidogo. Mwisho wa mwaka tunayaanika yote uani kwa mwenzetu, majirani wanakuja kuangalia, na lililopendwa zaidi mwenyewe anapewa doti ya kanga.

Sasa kuna mwenzetu kaleta la vitenge, jamani ni zuri, pembetatu zimekutana ncha kwa ncha hakuna hata moja iliyoliwa na mshono, rangi zimepangwa mpaka unataka kulilamba. Lakini ile kazi ya kushikisha tabaka tatu, yaani juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, hakuifanya yeye. Kapeleka kwa fundi Kariakoo kapigiwa mistari na cherehani ya umeme, kalipa, karudi nalo limekwisha. Basi ndo vita ilipoanzia. Wengine wanasema hilo si lake atoe kwenye kamba, wengine wanasema kakata, kapanga, kaunganisha, kazi kubwa kaifanya mwenyewe. Na kuna mama mmoja kasema lake halianikwi sehemu moja na kazi ya kununua, kalikunja kaondoka nalo. Mnasemaje? Naomba tusitukanane.

BibiSindano

Mwanangu mi niko na huyo mama. Kuunganisha vipande ni nusu tu ya kazi tena nusu yenye raha, kila mtu anapenda kupanga rangi. Shughuli ni huko kwenye kushikisha. Mkono wa kushoto unakaa chini ya blanketi, sindano ikichungulia unaisikia kwenye ncha ya kidole, unairudisha juu, mishono mitatu minne ikishajaa kwenye sindano ndo unavuta uzi. Hicho kidole kinakuwa na sugu. Mtu asiye na sugu aniambie kashona kwilti namwangalia tu.

Na msiniambie ni mambo ya wazungu. Kule India jimbo la Karnataka kuna Wasidi, watu wenye asili ya huku kwetu Afrika, wanawake wao wanashona mablanketi ya nguo chakavu yanaitwa kawandi. Wanaanza kwenye kona, wanafuata ukingo, wanazunguka kuingia ndani mpaka wanamalizia katikati, na uzi uleule unaoweka kiraka ndo huohuo unaoshikisha tabaka. Sasa hapo utampelekea fundi kipi? Hakuna juu na hakuna kumalizia, ni kazi moja tangu kona ya kwanza. Kwenye zile kona nne wanaweka vipande vidogo vya kitambaa vilivyokunjwa, wanaviita maua, bila hayo wanasema halijaisha. Mimi hiyo ndo naita kazi ya mtu.

MkwajuMchungu

Bibi shikamoo, halafu samahani maana ntakupinga. Hii habari ya mkono mtakatifu na cherehani haramu sijui mmeitoa wapi. Yule Harriet Powers mnaemjua wote, alizaliwa utumwani 1837 huko Georgia Marekani, blanketi lake la hadithi za Biblia lilionekana kwenye maonyesho ya pamba mwaka 1886, leo limehifadhiwa makumbusho ya Smithsonian. Alitaka dola 10 akaishia kuliuza dola 5 kwa sababu ya shida. Haya, liangalie mishono yake: mingine ya mkono mingine ya cherehani. Huyo ndo mnamtaja kila siku mkitaka kusifia kazi za zamani, na mashine katumia. Singer kapata hati ya uvumbuzi wa cherehani yake 1851, kwahiyo hao bibi zetu wa viraka wa enzi hizo waliipata na waliikanyaga bila kuuliza mtu.

Alafu tuseme ukweli, sio kila mtu ana macho na vidole vya kukaa na sindano miezi. Mi mkono wangu wa kulia unakufa ganzi nikishika sindano muda mrefu, sa nisishone?

BibiSindano

Marahaba mwanangu. Umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Powers alikanyaga cherehani MWENYEWE. Dada hapo juu hajasema mwenzao kashona na mashine, kasema kampa fundi akashona. We na ganzi yako kanyaga cherehani yako uanike, nani kakukataza.

MkwajuMchungu

😂😂 haya bibi hapo umenikamata

BintiUpanga

Hapa ndipo penyewe, tuache mashine tuongee mkono wa nani. Huko Marekani jambo hili walishabishana mpaka wakachoka. Kuna watu kazi yao ni hiyo tu, wana mashine kubwa yenye meza ndefu, blanketi linatandikwa kwenye magogo ya kuzungusha na kichwa cha cherehani ndo kinatembea juu yake, we unapeleka juu yako na pamba wanakupigia kwa malipo. Wanaoshona hivo ni wengi sana. Kwenye maonyesho mengi wakaweka fungu la kazi ya watu wawili, na kibandiko kinaandikwa kaunganisha fulani, kashikisha fulani. Asiyesema ndo anakuwa na kesi.

Na hata huko nyuma hii habari ya mtu mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho haikuwa sheria. Wale wanawake wa Gee's Bend Alabama, ambao kazi zao zilitundikwa Houston na New York mwaka 2002 watu wakashangaa viraka vya suruali za shamba vimefika makumbusho, wengi wao juu walikuwa wanaunganisha kila mtu kivyake nyumbani, ikifika kushikisha wanaitana majirani wanakaa pamoja wanashona huku wanaimba. Blanketi linabaki la aliyeunganisha. Sasa Bibi hao majirani tuwaite nani?

BibiSindano

Tuwaite majirani. Leo kwako kesho kwangu, hakuna aliyetoa risiti.

FundiMbagala

Habari zenu. Mi ndo hao mafundi mnaowasema, sio wa Kariakoo ila kazi hii naijua, kuna wateja wangu wawili watatu wa Masaki na mmoja wa Mbezi wananiletea. Naomba niseme yangu kidogo maana naona mnanigombania kama sipo.

Kwanza msifikiri kupiga mistari ni kukanyaga tu. Mtu anakuletea juu lake ukilitandaza mezani katikati limekaa vizuri pembeni linapiga mawimbi, maana aliposhona ukingo alivuta kitambaa cha mshazari. Mwingine nafasi ya mshono huku robo inchi, huku nyuzi mbili tatu tu, ukiweka chini ya mguu wa cherehani panaachia. Inabidi ubane pini kila mahali karibukaribu, uanzie katikati ukisukuma kitambaa taratibu kuelekea pembeni, maana ukianzia pembeni unakuja kukuta pamba imejirundika katikati kama tumbo la mjamzito. Na uzito wote wa blanketi lazima uubebe mezani, ukilining'iniza linavuta sindano inakatika. Nimesahihisha makosa ya watu mengi tu kimyakimya na sifa wamepewa wao.

Pili swala la hela. Bibi anasema majirani hawakulipana. Sawa, lakini mi nikishona gauni la harusi, Bi harusi haambiwi gauni sio lake, ila hasemi kashona yeye. Basi na hili hivohivo. Lile blanketi ni la huyo dada, rangi ni zake, akili ni yake. Ila mistari ni ya fundi na fundi ana jina. Mwenzenu aliposimama uani alisema kamalizia nani, au alinyamaza? Mi ningeuliza hilo tu.

DadaTabata

Fundi asante, hilo swali ni zuri na hakuna aliyeuliza kule. Alisema, ila alisema baada ya mtu kugeuza nyuma kaona mistari imenyooka mno. Kabla ya hapo alikuwa anapokea pongezi tu "asanteni asanteni".

MkwajuMchungu

Ahaaa. Basi mama kakasirikia hapo, sio kwenye cherehani

MamaJunior_Kigamboni

Mi nina swali la pembeni ila naona ndo kubwa kuliko yote: hivo vitenge ALIFUA kwanza kabla ya kukata? Maana mnabishana jina la fundi wakati siku ya kwanza likiingia kwenye beseni nyekundu inaingia kwenye nyeupe na kesi yote imeisha. Pamba inarudi jamani, na kila kitambaa kinarudi kivyake, kimoja kikirudi na cha jirani kikigoma unapata mikunjo isiyopigwa pasi. Kila kitenge kikifika kwangu kinaenda kwenye maji kwanza, usiku mzima, na chumvi.

BintiUpanga

Mi sifui. Kitenge kipya kina ule ugumu wake, kinakatika vizuri, pembe inakaa pembe. Ukishafua kinalegea kama kanga ya kulalia, kukata pembetatu inakuwa mateso. Na ile mikunjo midogo baada ya kufua blanketi likiwa limekwisha mi naipenda, linaonekana limetumika. Ila nyekundu na bluu iliyokolea hizo najaribu kwanza, nalowesha kipande nabana kwenye kitambaa cheupe napiga pasi, kikiacha alama basi.

FundiMbagala

Chumvi haizuii kitu mama Junior. Chumvi wanaweka wakati wa kutia rangi ili iingie kwenye pamba, kitambaa kikishatoka dukani kama kinachuja kinachuja. Maji mengi mpaka yatoke meupe ndo dawa, na kama hayatoki meupe achana nacho kishonee begi.

Lakini kabla ya kufua hakikisha ni pamba kweli. Siku hizi ukipita Mtaa wa Uhuru vitenge vingi ni poliesta, maua yaleyale bei rahisi. Chomoa uzi mmoja uchome na kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na majivu yake ukiyagusa yanasagika, poliesta inayeyuka inabaki kidonge kigumu. Changanya hizo mbili kwenye blanketi moja uone pasi ikifika, pamba inataka moto, mwenzie anasinyaa.

MamaJunior_Kigamboni

Chumvi kanifundisha mama yangu na vitenge vyake vya kiwanda cha Urafiki mpaka leo vina rangi. Siachi.

BibiSindano

Vitenge vya Urafiki vya zamani vingebaki na rangi hata ungevifua na mkaa.

kiraka_kijana

Mi ndo yule kaka mmoja wa kikundi hahaha da Tabata umenitaja. Naongeza jambo ambalo dada hajaandika. Huyo mwenzetu ana mtoto mchanga, na lile blanketi alianza kulishona akiwa na mimba ili mtoto alalie. Kwa joto hili la Dar kaweka kanga kuukuu katikati badala ya pamba, akili hiyo mi sikuwa nayo, langu la pamba nene tumempa mjomba wa Njombe kwetu halilaliki, na masika lilianza kunuka ukungu. Mtoto akazaliwa, muda wa sindano ukaisha, ndo akampa fundi. Sasa mama anamwambia kazi ya kununua mbele za watu, mi niliona si sawa. Angemvuta pembeni.

BibiSindano

Hilo ungelitanguliza mwanangu. Kumuumbua mzazi mbele ya majirani si adabu hata kidogo, huyo mama mkamwambie nimesema mimi. Lakini doti ya kanga asipewe. Kwenye kamba apewe nafasi, zawadi iende kwa aliyeshona lote.

BintiUpanga

Bibi umekuja kati 👏 mi naongeza kibandiko chenye majina mawili

MkwajuMchungu

Mi napinga, doti apewe. Watu walipenda rangi na pembetatu, hakuna jirani aliyepiga kura ya mistari ya nyuma

DadaTabata

Nimewasoma wote. Nimeongea nae simu saa hizi, kakubali kuandika jina la fundi kwenye kitambaa kidogo ashonee kona ya nyuma, kwa mkono wake. La zawadi hatujaelewana na sidhani tutaelewana, jumamosi tunapiga kura. Mama bado kanuna, simu yangu hapokei, kaka kiraka we ndo anakupenda kampitie na vitumbua.

Fundi wa Mbagala nakuja inbox. Na mi nina juu la vitenge limekaa kabatini tangu mwaka jana, nataka unipigie mistari ya mshazari, na jina lako ntaandika mapema kabla hawajageuza nyuma.

FundiMbagala

Karibu dada. Lilishafuliwa?

DadaTabata

Hapana

MamaJunior_Kigamboni

😏