Waini ya nyumbani: juisi ya boksi ya zabibu, embe au tufaha?

Tabata_Juu: Wakuu, kesho napita supamaketi kununua juisi za boksi nitengeneze waini ya Krismasi. Nimekwama kati ya zabibu, embe na tufaha. Ipi inatoa kitu cha maana?

Mzabibuni_Dom: Mkuu, maelezo hayatoshi. Ni juisi asilimia 100 au kinywaji chenye ladha ya tunda? Lita ngapi? Hamira ipi? Halafu soma nyuma ya boksi: ukikuta E202 au E211, iache dukani. Vihifadhi hivyo vinazuia hamira isizaliane.

Tabata_Juu: Lita tano. Hamira ni ya maandazi, ipo jikoni.

Bibi_Rozela: Chukua tufaha, mwanangu. Inatulia na kung'aa vizuri. Embe ni nzito, povu linapanda hadi mdomoni mwa dumu na machicha hayataki kutuama.

Mzabibuni_Dom: Shikamoo Bibi, ila mimi nasema zabibu nyekundu. Ina ule ukakasi ambao tufaha haina. Na hamira ya maandazi huacha harufu ya mkate. Tafuta ya waini. Aina moja yake, EC-1118, inavumilia kilevi hadi asilimia 18.

Kimara_Mwisho: Kabla ya ladha, usalama. Shemeji yangu alitia juisi ya nanasi kwenye chupa za kioo, akaona povu limepungua, akazifunga kabisa na kuzipanga chini ya kitanda cha wageni. Sukari ilikuwa bado haijaisha. Usiku wa manane moja ikapasuka, zikafuatia mbili. Vioo vilichoma godoro upande wa chini, na chumba kilinuka chachu wiki nzima. Bahati hapakuwa na mgeni. Tumia dumu la plastiki, acha nafasi juu, vuta puto mdomoni mwa dumu na utoboe puto hilo kwa sindano. Gesi itoke, hewa isiingie.

Nai_Jikoni: Pole kwa shemeji. Hapa Nairobi nanasi ndiyo tunapenda, shida si tunda. Tabata, unaongeza sukari?

Tabata_Juu: Nilidhani kilo mbili.

Mzabibuni_Dom: Nyingi mno! Kila gramu 17 kwa lita hutoa karibu asilimia moja ya kilevi. Juisi yenye gramu 110 kwa lita inafika kama asilimia 6. Ongeza gramu 90 kwa lita, utakaribia 12.

Kimara_Mwisho: Mimi siongezi hata kijiko. Asilimia 6 inatosha familia.

Mzabibuni_Dom: Hiyo haikai, inageuka siki mapema.

Kimara_Mwisho: Siki inaletwa na hewa na chombo kichafu. Chemsha maji, osha kila kitu.

Nai_Jikoni: Na akitaka kuuza?

Kimara_Mwisho: Kuuza ni leseni. Anywe na ndugu zake.

Bibi_Rozela: Mnahangaika na maboksi wakati rozela kavu zipo sokoni. Unachemsha, unachuja, unatia sukari na hamira ikishapoa. Rangi yake haina mfano.

Tabata_Juu: Bibi, rozela za lita tano ni kiasi gani? Na za Ilala ni safi?

Nai_Jikoni: Mimi pia nataka kujua hilo la kiasi.