Mrejesho: malengelenge ya mama, majibu ya kipande cha ngozi yametoka

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliuliza kuhusu mama: vidonda mdomoni visivyopona, kisha malengelenge laini mgongoni yanayopasuka hata yakiguswa na kanga. Wengi mlisema mkanda wa jeshi, mmoja tu akasema pemfigasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ngozi yake yenyewe, na ndiyo yenyewe. Huyo ana soda yake kwangu.

Hospitali walimkata vipande viwili vya ngozi ili vipimwe, wakavitumbukiza vyote kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Kumbe kile cha kupima kingamwili (askari wa mwili) hakitakiwi kuguswa na fomalini! Ikabidi akatwe tena. Nilichukia, acha tu.

Daktari wa maabara aliniita nichungulie hadubini. Seli za ngozi kwa kawaida hushikana kama matofali yenye saruji. Za mama zimeachiana, zimekuwa duara, zinaelea moja moja ndani ya lengelenge. Za safu ya chini kabisa ndizo zimebaki wima, zimeng'ang'ania sakafu. Wenyewe wanauita mstari wa mawe ya makaburi. Jina gani hilo jamani. Kipande kipya, kilipotiwa rangi maalumu ya kipimo, kiling'aa kijani kuzunguka kila seli, kama wavu wa kuvulia: ni kingamwili za aina ya IgG zinazoshambulia desmogleini, protini inayoshikisha seli.

Kwa hiyo ni mwili wake wenyewe, hamwambukizi mtu. Yuko kwenye prednisoloni na azathioprini, dawa za kutuliza kinga ya mwili, wiki ya tatu sasa bila lengelenge jipya. Sukari imepanda kidogo (prednisoloni huipandisha), tunaipima kila asubuhi. Jana alikula chapati, mara ya kwanza tangu Januari.