Naomba ushauri: ndoano kidoleni na nanga kwenye tezi ya mashua

Ndugu wanachama, kazi yangu ni kuwaongoza wavuvi wa mshipi. Mwezi uliopita nilitoka na rafiki zangu wawili, ambao kwa kawaida ni wawindaji wa bata, na mmoja wao akarusha mshipi bila kutazama nyuma, ndoano ikanizama kwenye kidole gumba hadi kijino chake, yaani ile ncha ndogo inayoizuia ndoano isichomoke, kikapotea ndani ya nyama. Mwenzake, kwa pupa ya kunisaidia, alifunga nanga kwenye tezi (nyuma ya mashua) badala ya omo (mbele), mawimbi yakaanza kuingia mashuani. Ndoano ilitolewa zahanati.

Je, nikivibana kwa koleo vijino vya ndoano zote, nitapoteza samaki wengi? Na niwaelekeze vipi marafiki wanaojiona mabingwa, bila kuwaudhi?