Zombi kachomwa mbigili: filamu yetu imekosea wapi?

Kijana wa Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na mniambie ukweli hata ukiuma.

Mimi na wenzangu sita tumetengeneza filamu ya mazombi, dakika 52. Tumepiga Julai kwa siku tisa, shambani kwa mjomba wangu anayelima zabibu kule Mpunguzi. Fedha yote laki saba na nusu: nauli, chakula, rangi, kukodi taa mbili. Kamera ni simu yangu. Hadithi ni ya mama aliyemzika mwanawe Jumanne. Ijumaa usiku anasikia mtu anagonga dirisha.

Jumamosi tukaionyesha kibanda umiza, watu kama arobaini. Mwanzo kimya kabisa, nikamshukuru Mungu. Ikaja sehemu mazombi wanatoka shambani. Niliwaambia wacheze peku, sikukumbuka mbigili. Kwenye skrini kubwa ndipo nikaona: zombi wa mbele anasimama, ananyanyua mguu, anachomoa mwiba, anaendelea na safari. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Zombi kachomwa mbigili!" Kuanzia hapo vicheko mpaka mwisho, hata mama anapomuona mwanawe. Sehemu hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nilitoka nje.

Mbigili nimeiona. Naomba mengine nisiyoyaona. Kipande cha dakika nne nimewawekea.

Fundi sauti
Mkuu, pole. Kinachoiua ni upepo kuliko hata mbigili. Upepo wa Dodoma mwezi wa saba unaujua mwenyewe. Mama anaposema "mwanangu, umerudi?" nimerudia mara tatu ndipo nikaelewa. Simu iko mita nne kutoka kwake, kwa hiyo inanasa upepo unaoipiga yenyewe kuliko maneno yake. Halafu kila ukikata picha upepo nao unakatika: shwaa, kimya, shwaa. Mtazamaji hawezi kuogopa hivyo, kila mara anakumbushwa kwamba kuna kamera.

Tafuta simu ya pili, ifunge kwenye fimbo juu ya kichwa cha mwigizaji, maiki uivishe kipande cha blanketi la manyoya. Piga kofi moja mbele ya kamera kabla hawajaanza, litakusaidia kulinganisha sauti na picha. Na usiku upepo ukitulia, rekodi shamba tupu dakika mbili, uitandaze chini ya sehemu nzima.

Jambo jingine dogo: shambani wanaburuta miguu, uani wanakimbia. Chagua moja.

Mpambaji, Majengo
Kaka, mimi napamba maharusi, nimeangalia nyuso tu. Unga wa ngano umekusaliti. Jasho limeukata kwenye paji la uso, na shingo zimebaki na rangi yake. Mtu aliyefukuka kutoka ardhi ya Mpunguzi atakuwaje mweupe? Atakuwa na udongo mwekundu kwenye kope, masikioni, chini ya kucha. Udongo hauuzwi, uchote hapo hapo. Na yule wa tatu shati lake lina mkunjo wa pasi.

Damu yako juani inaonekana kama juisi. Pika shira nzito, tia rangi nyekundu ya chakula, halafu kakao kidogo kidogo mpaka ikaribie rangi ya maini. Kidonda: tishu na gundi ya kubandikia kope, tabaka tatu, ikikauka pasua katikati, upake rangi ndani. Ila mjaribishe mtu mkononi kwanza, kuna ngozi zinaikataa.

Mzee wa Kizota
Mwanangu, hao wamekueleza vizuri. Mimi kinachonisumbua ni yule mama. Anafungua dirisha, anamuona mwanawe, sekunde tatu, anakimbia. Mama gani huyo? Siku tatu tangu azike, mikeka ya msiba bado iko uani. Angemwita jina. Angemuuliza kama ana njaa. Sisi tumekua tukisikia habari za misukule, na kilichotukosesha usingizi ni kumuona mtu wako, na yeye hakujui.

Tafuta Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Waliipiga Pennsylvania kwa kama dola 114,000, kidogo sana kwa Marekani. Picha nyeusi na nyeupe, damu ni shira ya chokoleti, na neno zombi halitamkwi hata mara moja. Nyumba moja ya shamba, watu wachache wamejifungia wanagombana wabaki juu au washuke chumba cha chini. Chumbani mle kuna mtoto wa kike aliyeumwa, na mama yake anayeshindwa kujitetea mbele ya mwanawe. Mimi ni mtu mzima na bado sehemu ile siiwezi. Wewe unayo ya kwako tayari, umeipita mbio.

Kijana wa Nkuhungu
Mzee, shikamoo. Anayeigiza mama ni shangazi yangu, nimempigia sasa hivi. Anasema pale dirishani alitaka kumwita jina. Mimi ndiye niliyemwambia akimbie kwa sababu mwanga ulikuwa unaisha. Kwa kweli nimekaa kimya na simu mkononi.

Jumapili tunarudi Mpunguzi, tunaanza saa kumi jioni ili mwanga usitukimbize. Dirishani nitamwacha mpaka mwenyewe aone inatosha.

Dada, chupa moja ya gundi ya kope inatosha nyuso ngapi?