Aqua ya 2018 imeshushwa bei: niichukue, au niongeze laki saba nipate umbo jipya?

MtuWaMtwapa (Mombasa)
Jamani nisaidieni mawazo kabla mke wangu hajachoka na hii habari. Kila siku natoka Mtwapa kwenda kazini Kizingo, kwenda na kurudi kilometa kama 40, na sehemu kubwa ni foleni ya Nyali. Kuna yadi ina Toyota Aqua mbili, hizi gari za haibridi zinazotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme yenye betri yake kubwa. Moja ni ya 2018, umbo la zamani, wameishusha hadi milioni moja na laki tatu. Muuzaji ananiambia za mwaka huo haziingii tena nchini kwa sheria ya miaka minane, ile inayokataza gari kuukuu kuliko hapo kuingizwa, kwa hiyo nikichelewa imekula kwangu. Ya pili ni ya 2021, umbo jipya, milioni mbili. Zote CC hazifiki 1500. Mimi moyo uko kwa mpya, mfuko uko kwa ya zamani.

HesabuKwanza (Nairobi)
Tupige hesabu. Kilometa 40 kwa siku 300 ni 12,000 kwa mwaka. Tuseme ya zamani inakupa kilometa 20 kwa lita, mpya 25. Hiyo ni lita 600 dhidi ya 480. Umeokoa lita 120. Tuseme lita ni shilingi 180, hiyo ni 21,600 kwa mwaka. Laki saba gawanya kwa hiyo: miaka 32. Mwanao atakuwa na wajukuu. Kama sababu ni mafuta, funga mjadala.

Binti_Kisauni (Mombasa)
Mwenzangu, gari si mafuta peke yake. Ninayo hiyo ya umbo jipya mwaka wa pili sasa. Kiti cha nyuma mtu mzima anakaa bila magoti kugusa mbele, maana wameongeza sentimita tano kati ya magurudumu. Ikikamata kasi kutoka taa za barabarani haisiti kama ile ya kwanza. Na ina soketi ya umeme ya wati 1500: stima zikipotea kwetu nachomeka friji kwenye gari, majirani wanachungulia dirishani. Utakachokikosa ni ulaini wa injini. Ile ya zamani ni silinda nne, hii ni tatu, ikiwaka asubuhi utaisikia inatetemeka kidogo.

HesabuKwanza
Jirani akinunua jenereta dogo ataacha kuchungulia, na hatatumia laki saba.

Binti_Kisauni
Jenereta halimpeleki mtu Kizingo, kaka.

FundiBetri (Dar es Salaam)
Mnazungumzia umbo, mimi nizungumzie kilicho chini ya kiti cha nyuma, maana ndicho kinachoniletea wateja.

Betri ya Aqua ya kwanza, hii iliyotoka Desemba 2011, ni ya nikeli, volti 144. Ndani kuna moduli 20 za volti 7.2 kila moja, zimepangwa kama vitabu kwenye rafu. Moja ikichoka inavuta wenzake. Hapa mjini wapo wanaobadilisha ile moja tu, unalipa kidogo, unaondoka unacheka, baada ya miezi kadhaa unarudi na taa ileile ya onyo kwenye dashibodi kwa sababu zile 19 nazo zina umri. Lakini angalau inafunguka, na mafundi wanaoijua ni wengi.

Umbo jipya lilitoka Julai 2021 na betri ya nikeli ya baipola, yaani iliyopangwa ndani kwa muundo mpya, ya kwanza ya aina hiyo kuendesha gari. Inatoa nguvu karibu maradufu, ndiyo maana dada wa Kisauni anaona haisiti. Ila huku kwetu bado sijakutana na fundi anayeifungua na kuifunga ikarudi barabarani. Jambo jingine: gredi ya B, yaani toleo la chini lenye vifaa vichache, ya mwaka huo wa 2021 ilibaki na betri ya mtindo wa zamani. Kwa hiyo kabla ya kulipa laki saba za ziada, soma gredi. Unaweza kununua sura mpya na betri ya kale.

Sasa swali langu kwa mwenye mada, na nataka jibu la ukweli: hiyo ya 2018 imesimama hapo yadi muda gani?

MtuWaMtwapa
Sikuuliza. Ila matairi yana vumbi jekundu na kioo cha mbele kina alama ya stika iliyokauka.

FundiBetri
Hapo ndipo bei iliposhukia. Betri ya nikeli ikikaa bila kuwashwa inajimaliza yenyewe polepole, na joto la Mombasa linaharakisha. Gari la 2018 linalotembea kila siku naliamini kuliko la 2021 lililosimama juani nusu mwaka.

MamaJunaid (Malindi)
Nathibitisha kwa uzoefu mchungu. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna wavu wa kuingiza hewa ya kupooza betri. Mimi sikuujua. Watoto walikuwa wanarundika mabegi na kanga hapo, mchanga wa Watamu ukamaliza kazi. Taa ikawaka nikiwa njiani kwenda Kilifi. Fundi alipoutoa wavu ulikuwa kama blanketi la paka. Kabla hujauliza bei, inama uchungulie pale.

Dereva_wa_Usiku (Nairobi)
Niko kwenye biashara ya teksi na ya zamani, nimemaliza kilometa 210,000. Jambo moja halijasemwa: hiyo mpya ina kamera ya usalama inayotazama barabara, sehemu ya juu ya kioo cha mbele. Jiwe likikipasua kioo barabara ya Namanga, ukibadilisha lazima kamera ipimwe upya. Zipo za zamani zenye kamera pia, tangu mwisho wa 2015, ila si zote.

FundiBetri
Sahihi. Mtwapa, fanya hivi. Nenda asubuhi, waambie wasiiwashe kabla hujafika. Iwashe hadi neno READY litokee kwenye dashibodi, weka AC mwisho, kaa kimya uhesabu dakika injini inapowaka na kuzima. Betri nzima inakaa muda kabla ya kuiita injini. Ukiweza, chomeka kidude cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, utazame bloku, yaani makundi ya moduli za betri, kwenye simu.

MtuWaMtwapa (Jumamosi jioni)
Nimerudi. Nilipofika boneti lilikuwa la moto, walikuwa wameshaiwasha. Nikakaa nao soga hadi ipoe, saa nzima. AC mwisho, madirisha juu. Injini iliwaka, ikazima, ikawaka tena: kila dakika tatu, mara sita mfululizo. Kwenye simu bloku moja ilikuwa inaporomoka mbio, zingine zimetulia. Nikamwonyesha muuzaji. Akatazama, akasema hizo programu za simu huwa zinadanganya, kisha akapunguza elfu 80 bila mimi kuomba.

Ile ya 2021 nikaomba karatasi ya mnada wa Japani. Gredi: B.

HesabuKwanza
Elfu 80 alizozitoa bila kuombwa ndizo zimekujibu.

MtuWaMtwapa
Nimeziacha zote mbili. Kuna mzee ofisini anauza yake ya 2017, umbo hilohilo la zamani, anaiendesha kila siku Bamburi na mjini. Nimechungulia wavu gari likiwa maegeshoni, ni msafi. Anataka milioni moja na laki mbili na nusu na hapunguzi. Kesho saa moja asubuhi naenda kwake kuketi na AC.

MamaJunaid
Chukua sweta.