Je, upo wimbo mmoja unaoweza kuibeba Kanada nzima?

MLETA MADA (Edmonton)

Wakuu, kila ikikaribia tarehe 1 Julai, sikukuu ya Kanada, swali hili hurudi kwenye vikao vyetu huku: ni wimbo gani ukiusikia unasema, naam, hii ndiyo Kanada? Wengi hutaja wimbo wa taifa, mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikiwa naipenda nchi hii. Wimbo wa Kanada nzima haupo. Zipo nyimbo za majimbo, na hizo ndizo zinazoijua nchi.

Tuanze na huo wa taifa. Ulitungwa mwaka 1880 mjini Québec kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, sikukuu ya Wakanada wa Kifaransa. Muziki ni wa Calixa Lavallée, maneno ya Kifaransa ni ya Adolphe-Basile Routhier. Maneno ya Kiingereza tunayoyasikia leo yametokana na yale aliyoyaandika Robert Stanley Weir mwaka 1908, wala si tafsiri. Kifaransa kinaitaja nchi ya mababu na mkono unaojua kubeba upanga na msalaba. Kiingereza kinaapa kuilinda nchi. Mwaka 2018 Bunge lilibadili mstari wa Kiingereza uliowataja wana wa kiume peke yao. Kifaransa hakikuguswa, kwa sababu mstari huo hakina. Basi watu wawili husimama bega kwa bega kabla ya mechi ya hoki, wakaimba kwa sauti moja, na kila mmoja anaimba jambo lake.

Wimbo wangu mimi ni "Four Strong Winds" wa Ian Tyson. Mwanamume anamuaga mpenzi wake, anakwenda Alberta, jimbo letu hili, kutafuta kazi. Ana marafiki huko watakaomshika mkono, na mambo yakikaa sawa atamtumia mwenzake nauli amfuate. Ila anajua pia kwamba theluji ikishaanza hakuna cha kufanya, na upepo wa huko ni mkali. Mwaka 2005 kipindi cha redio ya CBC, shirika la utangazaji la taifa, kiliuweka namba moja kati ya nyimbo za Kanada.

Tamasha la muziki la hapa Edmonton hufungwa na wimbo huo kila Agosti, pale Gallagher Park. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimekaa juu kilimani gizani, mishumaa imetapakaa mpaka chini jukwaani. Bibi mmoja kando yangu alishika mshumaa ndani ya kikombe cha karatasi, nta ikimdondokea kidoleni, naye hakuacha kuimba. Nami nilikuwa na mtu Morogoro anayengoja nauli. Nililia waziwazi. Wimbo umetaja jimbo moja tu, lakini nani kati yetu hapa hajaahidi kutuma nauli?

MCHANGIAJI (Montréal)

Ndugu yangu, umenigusa, ila neno lako "jimbo" silipokei. Nani ameamua kwamba Québec yetu hii ni jimbo na si nchi? Mwimbaji Gilles Vigneault, mzaliwa wa Natashquan huku Québec, aliimba miaka ya 1960 kwamba nchi yake si nchi, ni majira ya baridi. Wanaotaka Québec ijitegemee wakauchukua wimbo ule kuwa wao. Mwaka 1975 akaimba "Gens du pays" juu ya mlima Mont Royal, na leo wengi hapa huuhesabu kama wimbo wao wa taifa.

Mimi natoka Bukavu. Mwanangu alipotimiza miaka sita, wenzake darasani hawakumwimbia ule wa Kiingereza unaojulikana kote. Walimwimbia kiitikio cha huo "Gens du pays", wakaweka jina lake ndani, wakimwambia sasa ni zamu yake kuambiwa maneno ya upendo. Akarudi nyumbani kaniuliza: mama, mbona sisi hatuuimbi?

Na si Québec peke yake. Newfoundland walikuwa na wimbo wao, maneno ya gavana wao Cavendish Boyle, tangu 1902. Kanada waliingia 1949, tena kwa kura iliyopita kwa asilimia 52 tu. Ule nao utauita wa jimbo?

MCHANGIAJI (Halifax)

Mkuu mleta mada, Tyson alizaliwa Victoria, na huo wimbo wa Alberta aliutunga akiwa New York. Sisemi hivyo kuushusha. Huku kwetu ni vilevile. Mwimbaji wetu Stan Rogers alizaliwa Hamilton, Ontario, wazazi wake ndio wa Nova Scotia, jimbo letu hili. "Barrett's Privateers" aliutunga miaka ya 1970, lakini vijana ninaofanya nao kazi bandarini huuimba wakiamini umetoka kwa mababu wa mababu zao. Jimbo liliupokea wimbo, halikumuuliza cheti cha kuzaliwa.

Ninapopingana nawe ni hapa: "Northwest Passage" wa Rogers huyohuyo, wa 1981. Msafiri anaendesha gari kuvuka nyika kuelekea magharibi, huku akiwawaza akina Franklin, wapelelezi wa Kiingereza waliopotea kwenye barafu wakitafuta njia ya bahari. Huo umeivuka nchi kutoka upande hadi upande.

MCHANGIAJI (Toronto)

Umeivuka nchi ambayo Wainuit, wenyeji wa kaskazini, walikuwa wakiishi muda wote Franklin anapotea. Msikilizeni mwimbaji Jeremy Dutcher. Alikwenda makumbusho akasikiliza sauti za wazee wa Wolastoqiyik, watu wake wa asili, zilizorekodiwa kwenye nta zaidi ya miaka 100 iliyopita, akaimba pamoja nazo kwa lugha yao, iliyobakiwa na wasemaji wachache. Albamu hiyo ilipata Tuzo ya Polaris, ya albamu bora ya Kanada, mwaka 2018. Watu wale wamejiita kwa jina la mto wao, na mto ulikuwapo kabla ya mpaka wowote wa jimbo.

MLETA MADA

Dada wa Montréal na wa Toronto, neno "jimbo" nalirudisha. Nilitaka kusema mahali, pale mtu anapotaja mto, mlima au upepo anaoujua. Wa Halifax, "Northwest Passage" nitausikiliza tena usiku huu, ingawa ninachokikumbuka zaidi ni yule mtu mmoja peke yake ndani ya gari.

Dada wa Montréal, ulimjibu nini mtoto?

MCHANGIAJI (Montréal)

Nilimwambia tutauimba. Siku ya kuzaliwa ya baba yake tukauimba jikoni, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. Maneno hayakuingia vizuri kwenye muziki, mtoto akayakokota mpaka yakaingia.